Pua ya Mtukufu na Mvua Tamu

Nchi ninayoisema haimo kwenye ramani, kwa hiyo asije mtu akadai ametajwa. Ilikuwa nchi ya amani sana. Amani yenyewe ilikuwa na wizara, wizara ilikuwa na magari meusi, na ndani ya magari walikaa watu wasiocheka. Vitu viwili ndivyo walivyojivunia kuliko vyote: mvua na dohani.

Mvua ilikuwa ya Mtukufu Mkuu wa Nchi. Iliandikwa hivyo katika Sheria ya Heshima ya Mvua, kifungu cha kwanza kabisa, kwamba mvua hunyesha kwa juhudi zake. Ukame ulikuwa wa wananchi, uliletwa na uvivu wao. Dohani nayo ilikuwa ya kiwanda cha kuyeyusha shaba, pembeni mwa jiji kuu. Mwanzoni ilikuwa fupi kama dohani za watu wengine. Siku moja moshi wake uliingia Ikulu kupitia dirishani, Mtukufu akakohoa mara mbili mbele ya mabalozi. Ikaamriwa irefushwe. Ikarefushwa mpaka kunguru wakaacha kuipita kwa juu, wakawa wanaizunguka. Tangu hapo jijini haukuonekana moshi hata wa dawa, na magazeti yakaandika kwamba sayansi imeushinda moshi.

Moshi haukushindwa. Ulipanda upepo ukaenda kushukia Kingo.

Kingo ni mji mdogo wa mawe meupe, mbali na jiji, na wenyeji wake walichoma chokaa tangu babu wa babu. Mchoma chokaa wa Kingo hatembei bila ndimu mfukoni. Jiwe hulijui kwa macho, maana jeupe laweza kuwa la chokaa na laweza kuwa la bure. Basi unalikamulia ndimu. Likiwa la chokaa hutoa povu na kuchemka kwa sauti ndogo, fsss, na watu husema, "Linalia." Likinyamaza, unaliacha ulipolikuta. Mtoto wa Kingo hukamulia mawe ndimu kabla hajajua kuamkia wakubwa.

Mzee Chambuso alikuwa mmoja wa wachoma chokaa hao. Shule aliiacha darasa la pili, akatolewa kwenda kubeba kuni za tanuu. Kusoma hakujua, lakini jiwe lilikuwa halimdanganyi. Mwaka ule dohani ilipogusa mawingu, alimjia mkaguzi na barua.

"Mzee, tanuu lako linatoa moshi. Unachafua anga la taifa."

"Anga lipi, mwanangu? Hilo lenye dohani?"

"Usilinganishe vitu. Ule ni moshi wa maendeleo. Huu wako ni moshi wa mtu."

Wakalimwagia tanuu maji likiwa na moto wake, likapasuka kama chungu. Akinya kuku kanya, akinya bata kaharisha. Matanuu yote tisa ya Kingo yakafungwa mwezi ule, na mkaguzi akapewa nishani ya hewa safi.

Baada ya hapo mvua za Kingo zilibadilika. Kwa macho zilikuwa zilezile, ila ukizikinga usoni jicho liliwasha, na kabla hazijaanza kulikuwa na harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa puani. Juu ya mji, kwenye kilima cha mawe magumu, kuna ziwa dogo walimokuwa wakivua kambare na perege. Kwanza walitoweka konokono. Magamba yao yalikuwa membamba kama karatasi ya sigara, ukiwashika wanapasukia mkononi. Ndege waliokula konokono wakaanza kutaga mayai laini, wakiyalalia yanapasuka. Vyura wakataga, mayai hayakuanguliwa. Mwisho perege wakaelea, mashavu yametapakaa utelezi. Maji yenyewe yakabaki maangavu ajabu, unaona mpaka chini, kwa sababu chini hapakuwa na kiumbe cha kuyachafua. Mkuu wa Wilaya akaweka kibao: ZIWA SAFI KULIKO YOTE NCHINI.

Akaja binti mmoja mkemia, Bi Salha, na chupa zake na vikaratasi vinavyogeuka rangi. Alikaa kwa Chambuso wiki mbili, maana mkewe Chambuso, Bi Mwanahamisi, hakujua kumwacha mgeni alale kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni. Jioni walikaa barazani, na binti akaeleza.

"Baba, lile jiwe la shaba lina salfa ndani. Likichomwa, salfa inatoka na moshi. Ikifika juu inakutana na hewa na maji ya mawingu, inageuka tindikali. Tindikali ileile ya betri ya gari, ila imezimuliwa."

"Kwa hiyo tunanyeshewa maji ya betri?"

"Yaliyozimuliwa, baba."

"Hata pilipili ukiizimua ni pilipili," alisema Mwanahamisi. "Na samaki je?"

"Udongo wa kule kilimani una madini ndani yake, haya ya kutengenezea sufuria. Udongo ulikuwa umeyafunga. Tindikali inayafungua, yanashuka ziwani, yanawaziba samaki mashavu. Hapa mjini mna mawe ya chokaa, mvua ikigusa ardhi inapoa. Chokaa ndiyo dawa yake. Kule juu hakuna chokaa."

Chambuso akacheka kicheko kibaya. "Na chokaa wameipiga marufuku."

Bi Salha aliandika ripoti ya kurasa arobaini. Serikali iliisoma kwa makini, ikampandisha cheo, ikampeleka ubalozini katika nchi ya jangwa ambako hakujanyesha tangu enzi za manabii.

Wakati huo Kingo ilikuwa imepewa Tangi la Upendo. Lilikuwa tangi kubwa la kukinga mvua kutoka kwenye mabati ya shule, limewambwa ndani kwa madini ya risasi ili lidumu, na nje lina picha ya Mtukufu akinywa glasi ya maji. Maji ya tangi hayakugusa ardhi, hayakuonja chokaa. Yalitoka mawinguni na uchachu wake, yakakaa humo yakila risasi taratibu, na watu wakayateka.

Bi Mwanahamisi alianza kwa kuumwa tumbo. Kisha mikono yake ikalegea vifundoni, sahani zikawa zinamponyoka. Kwenye ufizi ukatokea mstari wa buluu kama uliochorwa kwa kalamu. Zahanati ilikuwa na dawa moja, ya minyoo, akapewa. Siku ya mwisho alimwambia mumewe, "Yale maji yana ukakasi, Chambuso. Nawaambia kila siku, mnaniona nadeka." Akafa Alhamisi, adhuhuri, dirisha liko wazi na jua linawaka.

Kiganja kimoja cha chokaa ndani ya tangi kingetosha. Hilo Chambuso alikuja kulijua baadaye, na tangu alijue hakuwahi kulimeza.

Katika ofisi ya vizazi na vifo, karani alichovya kalamu. "Sababu ya kifo?"

"Maji."

"Alizama?"

"Hakuzama. Alikunywa."

"Mzee, kunywa maji si ugonjwa. Naandika amechoka."

"Na jina lake?"

"Fomu haina nafasi ya jina la mwanamke. Imeandikwa hapa, mke wa Chambuso. Weka dole."

Basi katika nchi nzima jina lake likawa halipo popote. Chambuso alichukua kadi yake ya zahanati, akaenda machimboni, akachagua jiwe bora kuliko yote, akalikamulia ndimu likalia, na kwa siku sita akalichonga akifuatisha kadi herufi kwa herufi: MWANAHAMISI. Kadi yenyewe wakaitaka zahanati, wakaichoma na nyingine zenye ugonjwa ule. Lakini yeye alikuwa amekwisha kujifunza. Herufi saba tofauti alizijua, nazo zilimtosha, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumwandika.

Baada ya masika mbili, akipitisha vidole aliona zimepungua kina. Mvua ilikuwa inamlamba mkewe jina. Alikuwa na debe la mwisho la chokaa, akawa anapaka jiwe kila wingu likijikusanya: mvua ikala chokaa, ikaacha herufi. Debe likaisha.

*

Hapo ndipo ililetwa sanamu. Ilikuja kwa lori, imefungwa mablanketi, ikasimikwa kwenye uwanja mbele ya boma, hatua mia mbili kutoka makaburini. Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Pondamali, akahutubia akiwa na miwani miwili, moja ya kusomea na moja ya hadhi.

"Ndugu wananchi! Jiwe hili ni itale, jiwe gumu la milele! Vizazi vitakuja, vizazi vitakwenda, pua hii itabaki palepale!"

Chambuso alipita chini yake kama apitavyo kwenye jiwe lolote. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Ulikuwa mkono wa miaka hamsini wa kazi, haukuomba ruhusa. Akakamua tone moja kwenye kidole gumba cha mguu wa Mtukufu.

Fsss.

"Linalia!" akasema kwa sauti, kama angesema kwa mwenzake machimboni. "Itale gani hii? Hili la chokaa. Halimalizi masika tatu."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka wakaacha. Mmoja wao aliandika jina la aliyesema.

Pua ilianguka masika ya tatu, siku ya gwaride, katikati ya wimbo wa taifa. Iligonga ngoma kubwa, dum, mpigaji akadhani ameambiwa aendelee, akaendelea. Hakuna aliyethubutu kuangalia juu. Waliimba beti zote nne macho yakiwa kwenye viatu. Wimbo ulipoisha Pondamali akasema, "Nani ana ndimu hapa?"

Uwanja mzima ulikuwa na ndimu mifukoni. Lakini aliyeandikwa alikuwa mmoja.

*

Pondamali alikuwa mkuu wa wilaya, na kila siku ya Jumanne alikuwa pia hakimu. Kesi ikawekwa Jumanne.

"Mshitakiwa Chambuso. Umeharibu uso wa Mtukufu kwa tunda. Adhabu yake ni kitanzi. Una la kusema?"

"Mimi nilitia tone moja, tena mguuni. Pua imeliwa na mvua."

Hata feni ilionekana kusita.

"Rudia."

"Mvua. Ndimu ina haraka, inakula jiwe unaona. Mvua ina subira. Lakini zote kazi yao moja."

"Unasema mvua ya Mtukufu imekula pua ya Mtukufu?"

"Sisemi mimi. Pua ndiyo inasema."

"Mzee, nakusaidia kwa sababu wewe ni mtu mzima," Pondamali alisema akiinama. "Kuharibu sanamu ni kitanzi. Kusema mvua ni chachu ni kitanzi vilevile, ila hicho ni cha asubuhi. Chagua wakati."

Kifo chenyewe hakikumtisha Chambuso sana, alikwisha zoea kukaa jirani nacho. Kilichomuuma ni kwamba wakimnyonga, hakuna atakayejua pale makaburini palikuwa na jina gani.

Serikali ikamleta shahidi wake, Profesa Mumbara, Mwonjaji Mkuu wa Mvua. Katika nchi ile mvua haikupimwa kwa vikaratasi. Ilionjwa, tena jijini, kwenye upande wa dohani ambako moshi haushuki, na kila mwaka Profesa alitangaza matokeo: Tamu, Tamu Sana, au Tamu Kupita Kiasi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye ulimi uliokatiwa bima.

"Profesa, iambie mahakama. Mvua ya nchi hii ina ladha gani?"

"Tamu Kupita Kiasi, Mheshimiwa."

"Aionje ya hapa," Chambuso alisema. "Kumeanza kunyesha hivi sasa. Mwacheni atoe mkono dirishani."

Kweli, mabati yalikuwa yameanza kulia. Pondamali alitaka kukataa, lakini umati mlangoni ulikuwa umeshanyamaza kimya cha kusubiri, na kimya kile hakikuwa kizuri. Akakubali kwa kichwa. Profesa akatoa glasi yake ya kazi nje ya dirisha, ikapata vidole viwili. Akainusa, akafumba macho, akanywa.

Mashavu yake yalidumbukia ndani. Shingo ikakaza kama kamba. Jicho la kushoto likajaa chozi, likafurika, likashuka polepole mpaka kidevuni, na mahakama nzima ikalifuata chozi lile kwa macho. Chambuso alishika kizimba kwa mikono miwili. Sema, baba. Sema neno moja tu.

Profesa aliangalia glasi. Akaangalia picha ya Mtukufu ukutani. Akaangalia askari wawili wa mlangoni.

"Tamu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

Na hapohapo, kutoka uwanjani, kikasikika kishindo. Karani wa mahakama akachungulia dirishani akarudi mweupe kama karatasi. "Mheshimiwa... sikio."

Pondamali si mjinga. Mjinga hafiki kuvaa miwani miwili. Alijua akimnyonga mzee leo, na kesho likidondoka sikio la pili, hatakuwa na wa kumsingizia. Akavua miwani ya hadhi, akaifuta, akaivaa.

"Mahakama ina huruma. Mshitakiwa hatanyongwa kwa sasa. Atasimama juu ya jukwaa la sanamu akimshikia Mtukufu mwavuli, kumkinga na jua."

"Jua?" Chambuso aliuliza.

"Jua. Atamkinga na jua kila mvua inaponyesha. Tone moja likimgusa Mtukufu, kitanzi kinarudi. Koplo Sanze atamlinda, na tone likigusa, Koplo naye."

*

Mwavuli wenyewe ulikuwa mzito, wa turubai, na nembo ya taifa juu. Wenye mabega mapana wangeushika nusu saa. Chambuso aliushika masika nzima. Mvua ikianza, kengele inapigwa bomani, anapanda ngazi, anasimama nyuma ya Mtukufu kama mke mtiifu, anafungua. Koplo Sanze anakaa chini na bunduki, maji yakimchuruzika usoni mpaka macho yakawa mekundu.

"Mzee, inua kidogo, bega la kulia."

"Bega lake au langu?"

"Lake! Lako nani analiulizia?"

"Koplo, wewe macho yanakuwasha?"

"Hayaniwashi."

"Mbona unalia?"

"Nalia kwa uzalendo. Inua mwavuli!"

Kutoka juu ya jukwaa Chambuso aliyaona makaburi. Aliliona jiwe la mkewe, jeupe, dogo, likinyeshewa. Mikono yake ilikuwa na mwavuli, mkubwa wa kutosha kukinga makaburi manne, naye alimkinga nao mtu wa jiwe asiye na pua. Kila mvua ilipokatika alishuka, akaenda mbio kwa miguu yake ya kizee, akapitisha vidole. HAMISI ilikuwa imebaki mikwaruzo. MWANA bado ilishika ukucha. Wiki iliyofuata, hata ukucha ukawa unateleza.

Alimwendea Pondamali. "Mheshimiwa, niruhusu kiganja cha chokaa tu. Nimpake mke wangu jiwe."

"Chokaa ni marufuku. Na kwa nini umpake? Mvua tamu inadhuru nini?"

Ndipo ikaja siku ile. Saa nane mchana mawingu yalitoka upande wa jiji, mazito, rangi ya moshi wa tairi, na harufu ya kiberiti ilitangulia mbele yake kama mpiga mbiu. Mbuzi walikimbilia chini ya mapaa bila kufukuzwa. Asubuhi hiyo Chambuso alikuwa amefumba macho akalisoma jiwe kwa kidole, na jina lilikuwa na kina cha mkunjo wa ngozi tu. Alijua mawe. Lilibakiza mvua moja, nayo ilikuwa hii.

Kengele ikapigwa. Akapanda. Akafungua mwavuli. Matone ya kwanza yakaanguka makubwa kama vifungo vya koti.

Akashuka ngazi na mwavuli.

"Mzee! Unakwenda wapi?"

Hakujibu.

"Mzee, rudi! Naapa nitapiga!" Koplo alikuwa ameshainua bunduki. Chambuso alisikia chuma kikivutwa nyuma yake, na mgongo wake wote ukawa sikio moja.

"Piga, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Lakini kwanza soma kitabu chako. Usije ukakosea utaratibu."

Koplo Sanze alikuwa askari wa utaratibu. Alitoa kitabu cha amri mfukoni, akafungua ukurasa wa sanamu. *Yeyote atakayeisogelea sanamu bila kibali apigwe risasi.* Akageuza. Akarudi nyuma. Pa mtu anayeiacha sanamu hapakuandikwa neno. Aliyetunga kitabu hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kumwacha Mtukufu akaenda kwingine. Koplo alisoma ukurasa ule tena na tena, mvua ikiufuta wino mbele ya macho yake, mpaka akabaki ameshika karatasi nyeupe na bunduki isiyo na amri.

Makaburini Chambuso aliinama juu ya jiwe, akalifunika na mwavuli, na kilichobaki wazi akakifunika kwa mgongo wake. Mvua ilinyesha mpaka magharibi. Nyuma yake alisikia vitu vikianguka uwanjani, kimoja, kingine, na hakugeuka hata mara moja.

*

Asubuhi alikuwa bado ameketi palepale akisubiri kitanzi. Alimwona Pondamali akija peke yake, bila dereva, miwani moja tu usoni, ya kusomea.

"Shikamoo, mzee wangu."

Miaka yote ile Pondamali hakuwahi kumwamkia. Chambuso akaona hapa kuna jambo. "Marahaba. Umekuja na kamba?"

"Kamba ya nini, baba? Umesikiliza redio?"

"Sina redio."

"Tangu jana inapiga bendi ya jeshi. Bendi tu. Wakipiga bendi siku nzima maana yake..." Akaangalia kushoto na kulia, akanong'ona. "Yule hayupo tena. Yuko mwingine."

"Nani?"

"Ndiyo hivyo tena." Pondamali akatoa barua iliyolowa jasho. "Imeletwa na pikipiki kutoka makao makuu. *Sanamu isafishwe uso. Jina la Kiongozi Mpya lichongwe mara moja. Wajumbe watafika saa sita.* Uso, namshukuru Mungu, umesafishika wenyewe. Imebaki duara kama boga, inamfaa yeyote. Sasa jina. Wewe ndiye mchongaji pekee mjini."

"Nichonge jina gani?"

"Lile la Kiongozi Mpya."

"Ndiyo, lipi?"

"Usinitege, mzee! Nikisema silijui, nimekwisha. Nikiuliza, wataniuliza mbona siko na wenzangu. Nikikisia la mtu aliyeshindwa, nimekufa mara mbili. Wewe chonga. Chonga lile linalojulikana."

Chambuso alifikiria fomu isiyo na nafasi, karani na kalamu yake, maneno "amechoka". Akasimama, magoti yakalia.

"Nipe patasi," akasema. "Herufi ninazojua ni saba."

"Zitatosha?"

"Zitatosha."

Alichonga mpaka saa sita kasoro, kwa kina cha kidole kizima, kwenye kifua cha sanamu. Pondamali alikaa amegeuka nyuma makusudi, ili baadaye aweze kuapa kwamba hakuona. Magari meusi yakafika. Wakashuka wajumbe watano wa makao makuu, wakasimama mbele ya sanamu isiyo na uso, wakasoma. MWANAHAMISI.

Mjumbe wa kwanza alimwangalia wa pili kwa pembe ya jicho, akaona wa pili hakushtuka, akafikiri: huyu ameambiwa. Wa pili alimwangalia wa tatu, akafikiri vilevile. Jasho likawatoka wote watano kwa mpangilio wa vyeo. Mwisho aliye mkubwa kuliko wote, ambaye hakujua zaidi ya wenzake, akapiga kofi moja. La pili likafuatia. Kisha uwanja wote ukalipuka.

"Oyee Mtukufu Mwanahamisi!"

"Oyeee!"

Koplo Sanze akapiga saluti, kifua mbele, macho mekundu. Profesa Mumbara, aliyekuja na msafara, akatangaza papo hapo kwamba mvua za Mtukufu Mwanahamisi zitakuwa Tamu Kuliko Zote. Na karani wa vizazi na vifo akakimbia ofisini akarudi na daftari, akaliandika jina lile kwa wino mwekundu, herufi kubwa, ukurasa wa kwanza. Chambuso alisimama nyuma yake mpaka alipomaliza, akazihesabu herufi kwa kidole, zikatimia kumi na moja.

Wakati wa chakula mjumbe mkubwa alimvuta mzee pembeni, nyuma ya jukwaa.

"Mzee wangu, wewe uliyechonga bila shaka unayo habari yake kidogo. Huyu Mtukufu mpya... ni mtu wa namna gani? Anataka nini? Sisi tutii mapema."

Chambuso alitazama upande wa mkewe. Mwavuli wa serikali ulikuwa bado kule makaburini, ameuchomeka.

"Hana mambo mengi," alisema. "Alisema yale maji yana ukakasi."

"Ukakasi." Mjumbe aliandika. "Na nini tena?"

"Hapendi moshi."

Keshokutwa yake dohani ilizimwa, kwa mara ya kwanza tangu irefushwe, na kunguru wakaipita juu. Jiji kuu lote lilisubiri kwa hofu kuona kama hilo limetosha.

Mvua iliyofuata Kingo ilikuwa ya rasharasha. Chambuso alikinga kiganja, akaonja. Bado ilikuwa chachu. Mbingu iliyotiwa taka miaka yote ile haifuliwi kwa siku mbili, na haikujulikana hao wa jijini wangeogopa kwa muda gani kabla hawajaulizana Mwanahamisi ni nani. Akaondoa mwavuli juu ya jiwe dogo jeupe, akapiga magoti, akatafuta kwa kidole pale ilipoanzia M, akaweka patasi.